Dume Mzee wa Jikoni

Kazi yangu ilikuwa ya ng'ombe. Karibu miaka yote ya tisini nilizunguka Konoin kwa pikipiki, mtungi wa mbegu za fahali umefungwa nyuma kwa mpira, glavu za plastiki za kufika begani zimekunjwa ndani ya mkoba. Watu waliniita daktari ingawa sikuwa daktari. Nilikuwa mtu wa kupandisha. Ng'ombe akianza kulia na kupanda wenzake, mwenyewe anatuma mtu asubuhi, nami ninafika kabla joto halijampita. Niliijua kazi hiyo vizuri na sioni sababu ya kujificha nikisema hivyo. Katika mashamba yanayozunguka kiwanda cha chai cha Mogogosiek, ndama wengi wa gredi, wale wa maziwa mengi, wa miaka ile walipitia mkononi mwangu kabla ya kuona jua.

Kwa hiyo nilipoitwa na mama mmoja aliyekaa nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, nilidhani ananiitia ng'ombe wake. Mama huyo na mumewe walikuwa watu wa kutoka upande wa ziwa. Mzee alikuwa supavaisa kiwandani, na mama alifuga ng'ombe mmoja kwenye kipande cha shamba alichokodi kwa jirani. Nilikuwa nimempandishia ng'ombe huyo zaidi ya mara moja. Nilimkuta mlangoni, mkono wa kulia umo ndani ya plasta kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko, umening'inizwa shingoni kwa leso. Mvua ya Julai ilikuwa imelainisha njia, akateleza akiwa amebeba maziwa, akaangukia kiganja.

"Ng'ombe hana neno, daktari," akaniambia. "Mgonjwa wangu yuko jikoni."

Jikoni kwake, nyuma ya jiko la kuni, kulikuwa na boma dogo la mbao, na ndani yake ginipigi kama kumi hivi. Kitabuni mnyama huyo anaitwa simbilisi, lakini kwetu tulisema ginipigi: mkubwa kuliko panya, mdogo kuliko sungura, hana mkia, na akisikia mtu anayemletea majani anapiga mluzi. Wengi kutoka upande wa ziwa waliwaweka jikoni, wakisema panya na nyoka hawapendi kukaa nao. Sijawahi kupata ushahidi wa hilo. Mama huyu aliwaweka kwa sababu nyingine. Mtoto wake wa mwisho alipoenda shule ya bweni, nyumba ilinyamaza, na kitu pekee kilichomjibu akiingia jikoni asubuhi kilikuwa dume mmoja wa rangi ya kahawia na nyeupe, baba wa wale wengine wote.

Ndiye aliyekuwa mgonjwa. Alikuwa amekaa pembeni peke yake, amejikunja, manyoya yamesimama. Nilipomwinua nilisikia mifupa ya mgongo chini ya vidole. Alinuka vibaya.

Fikira yangu ya kwanza ilikuwa ya ng'ombe. Ng'ombe akilishwa mabua makavu ya mahindi bila maji ya kutosha, tumbo linafunga, chakula kinakaa kama udongo wa kufinyanga. Nikampapasa tumbo. Lilikuwa laini, na ndani nilisikia chakula kinatembea. Nikamtazama meno, yalikuwa sawa. Mama alikuwa amesimama kando, anaangalia dirishani, na nikaona ana jambo ambalo hataki kulitamka. Nikamgeuza dume chali juu ya taulo, nikaona mwenyewe.

Dume wa ginipigi ana kijifuko cha ngozi huko nyuma, pale kwenye njia ya haja. Cha huyu kilikuwa kimevimba kana kwamba ameficha ndimu. Nilipokifungua kidogo kwa vidole viwili, niliona donge la mavi, jeusi na laini, limeziba kila mahali. Hapo mama akasema kwa sauti ya chini kwamba amekuwa akilitoa mwenyewe, kila siku, kwa zaidi ya mwaka mzima. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mumewe. Angeanzaje kusema? Tangu avunjike mkono alijaribu kwa mkono wa kushoto peke yake, akashindwa, dume akamponyoka. Kunieleza mimi, mwanamume na mgeni, mahali pa kutazama, aliona haya. Aliniacha nitafute.

Mwaka huo nilikuwa na watoto wadogo nyumbani, na mikono yangu ilishazoea uchafu wa kila namna. Nikamwomba maji ya uvuguvugu kwenye beseni, kitambaa safi cha pamba, na mafuta ya kupikia, yale ya maji yasiyoganda. Glavu za begani hazikuwa na faida hapo. Nikakaa kwenye stuli, nikamlaza dume kifuani pangu, kichwa chake chini ya kidevu changu, matako yake kwenye kiganja. Nikayaloweka yale mavi kwa kitambaa cha maji mpaka yakalainika pembeni, nikatia mafuta matone machache, kisha nikasukuma taratibu kwa vidole gumba kutoka chini, kama mtu anayetoa mbegu ya parachichi bila kutumia kisu. Sikuvuta. Ukivuta, ngozi ya pale inachanika, na kidonda cha mahali kama hapo ni shida nyingine kubwa kuliko ya kwanza. Donge likatoka zima. Ndani ya kijifuko nikapangusa kwa pamba yenye mafuta, ikatoka na nywele, na vumbi la mbao, na unyasi mmoja mfupi.

Dume akatikisika mwili mzima. Nilipomrudisha bomani alikwenda moja kwa moja kwenye majani, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Nilikuwa bado ninanawa mikono mzee alipoingia kutoka zamu ya asubuhi. Alikuwa mtu mrefu, mzee wa kanisa, shati limepigwa pasi hata siku ya kazi. Kiwandani alisimamia chumba ambamo majani yaliyokwisha kusagwa hukaa yakigeuka rangi, kutoka kijani hadi shaba, kabla ya kupelekwa kwenye moto. Hapo mtu hafanyi kazi kwa saa ya ukutani tu. Anafanya kwa pua. Watu walisema mzee huyu akipita mlangoni anajua kama majani yanahitaji dakika chache zaidi au yameshapita. Alisimama kwenye kizingiti cha jikoni akavuta pumzi.

"Kumbe ni huyu," akasema. "Harufu hii nimeitafuta wiki nzima. Nilidhani panya amefia darini."

Nikamweleza. Alinisikiliza vile angemsikiliza fundi anayeeleza mashine imeharibika wapi. Nilimwambia kwamba ginipigi hutoa mavi ya aina mbili, makavu anayoyaacha, na laini ambayo huinama na kuyala yakitoka tu, kwa kuwa bado yana chakula ndani yake. Dume akizeeka, misuli ya huko nyuma inalegea kama mpira wa suruali ya zamani. Yale makavu yanaanguka yenyewe, lakini laini yanabaki mfukoni, ya leo juu ya ya jana, mpaka yanakuwa donge, na mwenyewe hawezi kulifikia. Anakosa chakula kile, anakonda, na asiposaidiwa anakufa.

Akauliza kama inapona. Nikamwambia haiponi. Misuli iliyolegea kwa uzee hairudi. Lakini dume akisafishwa kila siku anaishi vizuri hadi siku zake zitakapokwisha.

"Basi jambo ni rahisi," mzee akasema. "Tumpumzishe."

Mama alikuwa anachochea kuni kwa mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa mdogo wao sana, na kwetu kijana hamfundishi mzee ndani ya nyumba yake, kwa hiyo nilipima maneno. Nikasema dume anakula, meno yake ni mazuri, macho yake yanang'aa. Hana ugonjwa ila huo mmoja, na donge lake linaondolewa kwa mkono. Mkono wa mama umefungwa. Mimi natoka ng'ambo ya bonde na siwezi kufika kila siku.

"Kwa hiyo unanitaka mimi," mzee akasema.

"Mimi sitaki kitu, Mzee. Ni dume anayekuhitaji."

Alitabasamu kidogo, lakini akatikisa kichwa. Akasema amelea watoto watano bila kumwosha hata mmoja, na hataanza leo na mnyama ambaye kwao watoto wanamchoma kwenye mshikaki. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja mpaka wa shamba ambao kila mtu anaujua.

Mama akaacha kuni. Hakumgeukia.

"Ulipolazwa Kericho na lile tumbo," akasema polepole, "manesi walikuwa wachache. Mimi sikuita mtu mwingine akuoshe."

Nami nilijifanya nakagua mkoba wangu. Mzee akavua koti la kazi, akalitundika msumarini, akakunja mikono ya shati, mkunjo kwa mkunjo, mpaka juu ya viwiko.

"Nionyeshe," akaniambia.

Siku hiyo hakukuwa na donge tena, kwa hiyo nilimfundisha kushika tu. Kushika ndiyo nusu ya kazi. Mikono yake ilikuwa mikubwa, na alimbana dume kama mtu anayeogopa kuangusha sahani. Dume akapiga kelele. Nikamwambia ampe kiganja cha kukalia, miguu ya nyuma isining'inie hewani, maana mnyama anayening'inia anapigania maisha yake. Alipofanya hivyo dume akatulia, akaanza kunusa kola ya shati. Mzee alishusha kidevu kumtazama, na sikuweza kujua anawaza nini.

Kesho yake nilirudi kwa sababu nilitaka kuona mwenyewe. Donge la siku moja lilikuwepo, dogo. Mzee alililoweka, akatia mafuta, akasukuma kutoka chini kama nilivyomwelekeza. Jasho lilimtoka. Lilipotoka nikamwambia sasa achukue kipande kile kilicho laini zaidi, kisichokauka, amwekee dume mbele ya mdomo.

Akanitazama kuona kama namfanyia mzaha.

Nikamuuliza ng'ombe wa mama anafanya nini akilala alasiri. Akasema anacheua. Nikamwambia huyu naye anacheua. Tofauti ni njia inayopitiwa. Chakula chake kinapita mara mbili, na akikosa mara ya pili anakosa vitamini zinazotengenezwa tumboni mwake mwenyewe. Mzee alifikiri. Kisha akatoa kipande, akakisogeza, na dume akakipokea kwa adabu zote, akakila. Mama alikuwa amejifunika mdomo kwa leso. Mzee aliona, akaendelea na kazi.

Niliporudi baada ya majuma kadhaa nilimkuta mzee amekuwa mtu mwingine. Watu wa kazi za mikono ndivyo walivyo: wakishaushika ufundi hawawezi kuuacha bila kuuboresha. Alikuwa amegundua mwenyewe kwamba pamba inatoka na chembe za mbao kila siku, akaenda kutazama boma, akaona mama ametandika vumbi la mbao kutoka kwa seremala wa sentaa, pale madukani. Chembe zile zilikuwa zinanata kwenye mafuta na unyevu, zinaingia mfukoni, zinakuwa kiini cha donge. Akazitoa zote. Akatandika nyasi kavu, nene, na kuzibadilisha kabla hazijalowa. Boma lenyewe alilitoa nyuma ya jiko, akaliongeza urefu hadi ukutani, na mchana wa jua alitoa wanyama nje kwenye uzio wa waya ili watembee. Dume anayekaa mahali pamoja tumbo lake nalo linakaa, alinieleza, kana kwamba ni mimi niliyekuwa naanza kujifunza.

Juu ya chakula tulibishana. Yeye alipenda kumpa dume ukoko wa ugali na maganda ya viazi, akiamini mgonjwa anahitaji kushiba. Nilimwambia mgonjwa huyu anahitaji nyasi. Nyasi kwanza, nyasi tena, zile ndefu zenye nyuzi, mbichi au zilizokaushwa kuwa hei. Kabichi na mabaki ya ugali yanalainisha mavi, na yakilainika yanabaki. Kisha jani la sukuma wiki kila siku, au kipande cha pera, kwa kuwa mnyama huyu kama binadamu hawezi kujitengenezea vitamini ya matunda. Na maji safi wakati wote. Hakunikubalia papo hapo. Alijaribu njia yake siku chache na yangu siku chache, akilinganisha ukubwa wa donge. Niliporudi aliniambia tu kwamba ukoko sasa unaenda kwa kuku.

Kulikuwa na nyasi za malisho ziitwazo Boma Rhodes kwa jirani yangu, na nikawa namletea gunia la hei nikija upande ule. Kwa nyasi hizo na kwa kutembea, donge lilipungua hadi likawa kitu cha kuondoa kwa kupangusa mara moja. Mgongo wa dume ukafunikwa nyama tena. Donge halikuisha kabisa. Nilikuwa nimemwambia haliishi, na sikuwa nimekosea. Lakini kutoka kwa donge la ndimu hadi kwa donge la punje ya maharagwe ni safari ndefu, na tuliimaliza.

Habari hazikufichika. Mzee mwenyewe ndiye aliyezipeleka kiwandani, wakati wa chai, akiwaeleza wenzake jinsi pua yake sasa inavyojua mfuko umejaa hata kabla ya kuufungua. Walimcheka, bila shaka. Yeye akawaambia mtu anayeona haya kumsafisha mnyama wake asifuge. Hakuwa mtu wa kurudishwa nyuma na kicheko. Baada ya muda wenzake wakaanza kuleta ginipigi wao. Mmoja wa upande wa Sotik alifika na dume kwenye katoni ya sabuni, akiamini ana ugonjwa ule ule. Mzee alimpindua, akafungua, akatazama, akatangaza kwamba huyu ni kijana, hana donge, ana takataka: nywele na vumbi la mbao. Akamsafisha kwa mafuta na kumpa mwenyewe somo zima la nyasi. Mwingine aliletwa na uvimbe ulio moto, mgumu, na mnyama akalia ulipoguswa. Huyo, mzee alikataa kumfinya. Alinitumia ujumbe, nami nikawaelekeza kwa daktari wa mifugo wa kweli, kwani lilikuwa jipu, na jipu halina uhusiano na kazi yetu. Nilifurahi kwamba alijua pa kusimama. Mimi mwenyewe nimewaona watu wa kazi yangu wasiojua.

Plasta ya mama ilitolewa Kericho. Nilifika kwao baada ya hapo kwa ajili ya ng'ombe, aliyekuwa na joto, na nilipomaliza wakanikaribisha chai jikoni. Sikuwa nimezoea kumwona mzee jikoni. Kabla ya mambo haya chai yake ililetwa sebuleni na alikunywa huko na redio. Sasa alikuwa na stuli yake kando ya boma, na redio ilikuwa juu ya kabati la vyombo. Ulipofika wakati wa kusafisha, mama alinyoosha mkono kumchukua dume. Mkono ule ulikuwa umekonda, ngozi inabanduka.

"Mkono wako bado mnyonge," mzee akasema. "Acha mimi."

"Ni wangu," mama akasema.

"Mkono au dume?"

Mama alicheka, akamwachia. Akashika kitambaa na beseni badala yake, na wakafanya kazi pamoja bila kuelekezana, yeye anaminya maji, mzee anasukuma, yeye anasogeza mafuta kabla hajaombwa. Walikuwa wakiongea habari za mtoto wao aliyekuwa anatafuta kazi Nakuru. Nilimaliza chai yangu nikaondoka, na nadhani hawakuona wakati kamili nilipotoka.

Mama aliniambia baadaye, siku nyingine tukiwa shambani kwa ng'ombe, kwamba katika ndoa yao yote hawajawahi kukaa mahali pamoja kila siku bila jambo la kuamua. Hakulalamika. Alinieleza kama anayetoa taarifa ya mvua.

Dume alifika uzee ambao ginipigi wachache wanaufikia. Alikufa msimu wa baridi, asubuhi moja, akiwa amelala juu ya nyasi kavu, safi nyuma na mbele. Mzee alimzika kando ya uzio wa michai kabla ya kwenda zamu, na alichelewa kazini, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Madume wale vijana aliwaweka kwenye ratiba. Kila Jumamosi akitoka kazini aliwapindua mmoja mmoja, anafungua, anatazama, anapangusa, anapima uzito kwa kiganja. Aliniambia kazi ya kuzuia ni ndogo kuliko ya kuondoa, na ni mvivu tu anayeichukia. Nimewahi kuyarudia maneno hayo kwa wafugaji wa ng'ombe bila kutaja nimeyatoa wapi.

Miaka ya tisini ilipokaribia mwisho, mzee alistaafu na wakaamua kurudi nyumbani kwao upande wa ziwa. Nilikwenda kuwasindikiza. Lori lilikuwa limepakiwa vitanda, kabati, masufuria, na juu kabisa kreti ya mbao yenye ginipigi, imefunikwa gunia upepo usiwaingie. Ng'ombe alikuwa ameuzwa kwa jirani. Mama aliniaga kwa mikono miwili, ule wa kulia ukiwa na nguvu kama zamani. Mzee alikuwa tayari amekaa mbele na dereva, shati limepigwa pasi, kisha akashuka tena. Akanivuta kando, na kwa uso wa mtu mwenye jambo zito akaniuliza kama huko chini, kwenye joto, nyasi za Boma Rhodes zinamea.

Nikamwambia zinamea vizuri, tena zinapenda joto. Apande mvua ikianza, avune kabla hazijatoa mbegu, azianike kwa kivuli. Akarudia maneno hayo taratibu ili asiyasahau. Kisha akapanda lori, wakaenda.